Waya Mpya wa Mzee Sikio

Duka la fundi wa waya lilikuwa jembamba kama ala ya kisu. Ukishaingia, huwezi kugeuka bila kugonga kitu. Ukutani zilining'inia nyaya za kila rangi, nyingine zimesukwa kama nywele za msichana wa shule, na mwisho kabisa wa chumba, chini ya taa yenye kioo cha kukuzia, fundi mwenyewe alikuwa ameinamia plagi ndogo kuliko punje ya hindi, akilehemu.

"Kaa popote, ila si hapo," alisema bila kuinua kichwa. "Hapo pana moto."

Inspekta hakukaa. Alifungua daftari, akaandika tarehe kwanza kama ilivyo desturi yake, tarehe kabla ya jina na kabla ya swali. Kisha akatoa picha mkobani akaiweka chini ya taa, juu ya kazi ya fundi.

"Hii ni kazi yako?"

Fundi akairudisha pasi ya kulehemu kwenye kishikio chake, akaivuta picha. Ilionyesha hedifoni kubwa nyeusi, zile zinazomeza sikio zima, na waya mweupe uliosukwa, uliogawanyika matawi mawili, tawi moja kwa kila sikio.

"Mzazi atamsahau mwanawe?" alisema. "Nyuzi nane za fedha safi. Nimesuka kwa vidole hivi siku mbili, mgongo ukanikatika."

"Nani aliununua?"

"Afande, wateja wangu ni watu wa siri. Kuna waume wanaoficha waya kuliko wanavyoficha hawara. Nikianza kutaja majina, ndoa sita zitavunjika kabla ya adhuhuri."

"Sina haja na ndoa. Nina mfungwa anayekufa."

Fundi akaacha kutabasamu.

Mwaka mmoja na nusu uliopita ghala la magodoro liliungua jioni, na mlinzi akafia ndani. Simu ya ofisi ya ghala ilikuwa na mtambo wa kurekodi: anayepiga kutoka nje alisikika sikio la kushoto, na aliye ndani sikio la kulia. Nusu saa kabla ya moto, ndugu wawili walizungumza kwa simu ile. Kaka, dereva wa lori, alipiga kutoka nje. Mdogo wake, karani wa ghala, alipokea ndani. Mmoja wao alisema, "Washa. Ndani hamna mtu." Mwingine akajibu, "Sitaki. Humo hulala mtu." Sauti zao zilifanana hivi kwamba mama yao mwenyewe, akipigiwa simu, huuliza kwanza anazungumza na nani. Kwa hiyo mahakama haikutegemea sauti. Ilitegemea upande. Na upande ulithibitishwa na mtu mmoja tu, msikilizaji wa polisi, kipofu aliyekaa kwenye chumba cha kusikiliza miaka thelathini na moja bila kukosolewa hata neno. Kituo kizima kilimwita Mzee Sikio. Mzee Sikio aliandika kwamba "Washa" ilitoka kushoto. Dereva akafungwa maisha.

Sasa dereva alikuwa amelazwa katika hospitali ya gereza, pafu moja limekwisha na la pili linaaga. Daktari alimpa mpaka Jumapili, na hii ilikuwa Alhamisi. Mama yake, ambaye miguu yake ilikufa miaka mitatu nyuma, alituma barua kwa Inspekta. Hakuomba mwanawe asafishwe jina. Aliomba afie nyumbani. Barua ilikuwa na mwandiko mzuri, herufi zimelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Mama alisema, na mwanawe mdogo, karani, akaandika.

Inspekta alikuwa ameanza na rekodi yenyewe. Aliikuta masijala, na alipoisikiliza, ndugu wote wawili walizungumza katika masikio yote mawili. Mtu wa masijala alieleza kwamba mwaka jana rekodi zote za kesi zilizokwisha zilibanwa, pande mbili zikafanywa moja, ili zisijaze nafasi. "Maziwa yakishaingia kwenye chai, Inspekta," alisema, "nani atayatoa?"

Zikabaki karatasi. Inspekta alisoma taarifa ya Mzee Sikio mara nne, na mara ya nne ndipo aliposimama kwenye mstari wa chini kabisa, ambao hakuna mtu mwingine angejisumbua kuuandika: *Vifaa: hedifoni zangu za siku zote. Waya mpya, una siku tisa. Usikivu umeboreka.*

Kwa picha ya hedifoni hizo, iliyopigwa siku mzee alipostaafu, aliuliza bei ya waya kama ule. Alipotajiwa, alinusa rushwa. Msikilizaji wa polisi hanunui kitu kile kwa mshahara wake. Na kama karani ndiye aliyenunua, basi ushahidi umeoza, na wakili wa serikali angeweza kusaini dereva atoke jioni hiyo hiyo.

"Aliyenunua ni kijana?" aliuliza sasa. "Mwembamba, mwandiko mzuri?"

"Mwanamke," fundi alisema. "Mwalimu wa chekechea. Alikuwa na chaki kwenye kucha. Alikuja kila mwisho wa mwezi na bahasha yake, karibu mwaka mzima. Zawadi ya baba yake, alisema, maana waya wa zamani umekatika kwa ndani na mzee anasikiliza huku ameubana kwa kidole gumba."

"Ulimwambia kwamba fedha itamsaidia?"

"Nilimwambia ukweli. Nikamwambia, dada, nusu ya wanaosema fedha inasikika kuliko shaba, wanachosikia ni bei. Nikuwekee shaba mpya, mzee hatajua tofauti. Akakataa. Alisema baba yake amewasikilizia watu wengine maisha yake yote, na mara hii asikie kitu kizuri."

Inspekta akatazama alichoandika. Rushwa ilikuwa imeyeyuka mikononi mwake, na angeipenda ibaki. Rushwa ina mtu wa kumkamata.

"Hii pete nyekundu kwenye plagi moja ni ya nini?" aliuliza, akigonga picha kwa kalamu.

"Hiyo ni kulia. Nyekundu kulia, mafundi wote tunajua. Kushoto siweki kitu. Ukishaijua kulia, kushoto inajijua."

"Inashikika?"

"Nini?"

"Pete. Kwa kidole, bila kuangalia."

Fundi akanyoosha mkono ukutani, akashusha waya mwingine wa mtindo uleule. Akafumba macho, na pengine ilikuwa mara ya kwanza kuifanya kazi yake hivyo, akapitisha kidole gumba kwenye plagi moja, kisha ya pili. "Inashikika," alisema. "Kama kipele."

"Na waya wa kiwandani? Ule unaokuja na hedifoni?"

Alipekua droo, akatoa waya mweusi wenye vumbi. Akaupitishia kidole hivyohivyo. Akafumbua macho, akausogeza kwenye taa, akaugeuza.

"Nao una kipele. Umetoka nacho kiwandani."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Taa ilikuwa ikinguruma kidogo. Fundi akaweka nyaya zote mbili mezani, polepole, kama mtu anayeweka chini mayai.

"Yule dada hakuniambia mzee haoni," alisema. "Mtu amekuja kununua waya, nitaanzaje kumuuliza macho ya baba yake?"

"Hakuna anayekulaumu."

"Lakini unaandika."

"Naandika kila kitu," Inspekta alisema, akatia nyaya zote mbili ndani ya bahasha ya vielelezo.

*

Mzee Sikio alikuwa amestaafu miezi sita. Aliishi na bintiye katika nyumba ya vyumba viwili, na chumba chake kilikuwa na kitanda, meza, redio ya kaseti, na kishikio cha mbao ambacho juu yake hedifoni zilikaa kama kofia ya mtu mkubwa. Binti alimpokea Inspekta, akaenda jikoni kuchemsha chai.

"Kisigino cha kiatu chako cha kulia kimelegea," mzee alisema kabla Inspekta hajafungua kinywa. "Tangu ulipokuwa kituoni kilikuwa kimelegea. Polisi hawana fundi viatu?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umekuja na karatasi nyingi, mkoba unalia."

Inspekta alikuwa ameshaangalia kishikio. Pete nyekundu ilikuwa kwenye kikombe cha sikio la kulia. Mahali pake hasa. Alisogea karibu akaangalia tena, akitumaini macho yamemdanganya, lakini macho yalikuwa sawa. Kama waya uliwekwa hivi tangu mwanzo, basi Mzee Sikio alisikia sawasawa, dereva ndiye aliyesema "Washa", na safari ya asubuhi nzima ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

"Nani huzigusa hizi?" aliuliza.

"Mimi peke yangu. Binti yangu haruhusiwi hata kuzipangusa vumbi."

"Nikuombe kitu." Akatoa nyaya mbili za fundi, ule mweusi na ule mweupe, akaziweka mikononi mwa mzee. "Kama ungekuwa unanifungia hizi, ya kushoto ni ipi?"

Vidole vya mzee vilikuwa virefu, vikavu, na havikuwa na haraka. Vilishuka kwenye waya mweusi, vikapata kipele. "Hii," alisema. Akahamia kwenye ule mweupe. Kidole gumba kikapanda juu ya pete, kikasimama hapo. Hakikuondoka.

"Mzee?"

"Umeshajua, kwa hiyo usinifundishe kama mtoto wa shule."

"Sijui. Pete iko kulia. Iko sawa."

Kutoka jikoni vikombe viligongana.

"Katika daftari la mahudhurio," Inspekta alisema, "uliomba ruhusa asubuhi mbili kwenda kwa daktari wa masikio. Miezi minne baada ya hukumu. Nimempigia daktari. Anasema masikio yako ni ya kijana wa miaka ishirini."

"Ndivyo alivyoniambia."

"Basi nieleze, mtu mwenye masikio mazima alikwenda kupima nini?"

Mzee akaweka nyaya mezani. Akanyoosha mkono bila kupapasa, akagusa redio ya kaseti.

"Humu mna sauti ya mke wangu," alisema. "Nilimrekodi mwenyewe, kwa maikrofoni mbili za ofisini nilizoazima bila ruhusa. Andika na hilo. Anamfundisha huyu binti kuhesabu. Mama kushoto, mtoto kulia. Nimeisikiliza mara moja kila mwaka, siku aliyofariki, kwa sababu kaseti ikisikilizwa sana huchakaa. Mwaka ule nikavaa hedifoni, nikabonyeza, na mke wangu akaniongelesha kutoka kulia."

Kidole chake kilibaki juu ya kitufe.

"Miaka ishirini na sita amekaa kushoto kwangu. Siku ile alikuwa amehama. Nikajua masikio yangu yamekufa, maana mtu aliyekufa hahami. Nilikwenda kwa daktari kwa siri, wasije wakanistaafisha mapema. Daktari akasema masikio ni mazima. Nikarudi nyumbani, nikakaa hapa hapa, nikazishika plagi. Nikazibadilisha. Mke wangu akarudi mahali pake."

"Ulifanya nini?"

"Nilifurahi." Akageuza uso kuelekea dirishani, ingawa dirisha halikuwa na faida kwake. "Nilifurahi mpaka kaseti ikaisha. Halafu nikahesabu siku. Tangu waya ulipoingia mpaka siku ile, niliandika taarifa ishirini na mbili. Ishirini na moja hazikuwa na shida. Mwanamume na mwanamke, mzee na kijana, utawatofautisha hata wakizungumza ndani ya mtungi. Moja tu ndiyo iliyosimama juu ya upande."

"Na ulikuwa na waya wenyewe mkononi, uliofungwa kinyume, na hukumwita mtu."

"Nilikuwa nimeshaubadilisha."

"Ungeweza kusema."

"Niliandika." Akavuta droo ya meza, akatoa karatasi iliyopigwa chapa, imekunjwa mara tatu. Inspekta akaikunjua. Ilikuwa na mistari kumi na miwili, tarehe ya miezi minane iliyopita, na mwisho: *Kwa hiyo maneno niliyompa dereva ni ya karani, na ya karani ni ya dereva.* Haikuwa na saini, wala muhuri wa kupokelewa popote.

"Kwa nini iko hapa, Mzee? Kwa nini haiko kwa hakimu?"

Mlango ulikuwa umefunguka. Binti alisimama na sinia, chai tatu, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa hapo kwa muda, kwa sababu chai haikuwa ikitoa moshi tena. Inspekta alimwona. Mzee hakumwona, lakini alimsikia; kichwa chake kiliinama upande ule, kama alivyokiinamisha maisha yake yote penye sauti.

"Kwa sababu ningeandika waya ulitoka wapi," alisema.

Binti akaweka sinia kitandani. "Baba," alisema. "Ni ule waya?"

"Nilikosea mimi. Waya hauna kosa."

"Ni ule waya wangu?"

"Keti, mama."

Hakuketi. Alikuwa akizitazama hedifoni kwenye kishikio. "Nakumbuka ulivyozifunga," alisema. "Nilikuwa nimesimama hapa. Niliona nyekundu imeingia kushoto. Nikafikiri pengine ndivyo zinavyokuwa. Ulikuwa unacheka, Baba. Sikutaka kukukatiza."

Inspekta aliandika hilo pia.

*

Alimpigia wakili wa serikali akiwa amesimama nje, karibu na kamba ya nguo. Alieleza yote kwa mpango, kuanzia pete mpaka barua. Wakili hakumkatiza mpaka mwisho.

"Rekodi yenye pande mbili ipo?"

"Haipo."

"Waya uko kama ulivyokuwa siku ile?"

"Aliurekebisha mwenyewe."

"Kwa hiyo una mzee anayesema alikosea, halafu akanyamaza miezi minane, na unataka hakimu amwamini leo."

"Nina barua yenye tarehe. Nina fundi. Nina binti aliyeona kwa macho."

"Binti yake. Na barua isiyotumwa ni karatasi, Inspekta. Kila mtu ana karatasi nyumbani kwake." Akashusha pumzi. "Sisemi sikuamini. Mimi nakuamini. Niletee maelezo yake yaliyosainiwa, nitaomba kikao, na nitaomba hati ya kumkamata karani. Kikao cha karibu ni wiki tatu."

"Dereva ana mpaka Jumapili."

Kamba ya nguo ilitikisika, shati likageuka, likarudi.

"Nasikitika," wakili alisema. "Kweli nasikitika."

Aliporudi ndani, Mzee Sikio alikuwa amevaa koti na ameshika fimbo. Binti alikuwa amekaa kitandani kando ya chai iliyopoa, mikono mapajani, viganja juu.

"Hakuna kitu," mzee alisema. "Nimesikia unavyotembea."

"Wiki tatu."

"Fomu ya maelezo nitaitia kidole. Popote unapotaka. Lakini kabla ya kidole, nipeleke kwake nimwambie kwa mdomo wangu. Nilimsikiliza mara moja vibaya. Anidai mara ya pili."

*

Kitanda cha dereva kilikuwa cha mwisho, kimesukumwa karibu na ukuta. Hospitali ya gereza ilikuwa na madirisha ya juu, na mwanga wa saa tisa ulianguka sakafuni bila kumfikia mgonjwa yeyote. Alikuwa mtu mkubwa aliyekonda. Mifupa ya bega ilionekana imebaki na saizi ya zamani. Bomba lilimwingia puani. Askari magereza aliwapa dakika ishirini, akaenda kuegemea mlango.

Inspekta alimketisha mzee kwenye kiti, akasema yeye ni nani na huyu ni nani. Dereva alimwangalia mzee muda mrefu.

"Wewe ndiye Sikio," alisema. Kila baada ya maneno matatu alipumzika. "Nilikuona mahakamani. Nilidhani una kinyongo nami. Nikajiuliza, nimemkosea nini mzee huyu?"

"Hukunikosea. Nilikuweka upande usio wako." Na mzee akamweleza, bila kupamba, waya, pete, kipele, kaseti, barua. Hakumtaja binti. Alisema tu, "nilipata waya mpya." Inspekta hakumrekebisha.

Dereva alisikiliza macho yakiwa kwenye dari. Mzee alipomaliza, dereva akamgeukia Inspekta.

"Mama anajua?"

"Bado," Inspekta alisema.

"Mnaweza kunitoa?"

Angeweza kusema watajaribu. "Kikao ni wiki tatu," alisema.

Dereva akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mzee akanyoosha mkono akakuta ukingo wa kitanda, akaushika mpaka kikohozi kilipopita.

"Basi sikiliza, dada," alimwambia Inspekta. "Mama yangu hanyanyuki. Asubuhi nani anamtoa kitandani? Yeye. Nani anamwogesha, anamchana nywele? Mdogo wangu, huyo huyo. Nilijua siku ya kwanza ni yeye aliyewasha, nilikuwa kwenye simu ile. Nilisema mahakamani si mimi, sikusema ni nani. Sikutaka kummalizia mama watoto wote siku moja."

"Mlinzi naye alikuwa na mama," Inspekta alisema. "Alikaa nyuma yako kila siku ya kesi. Anaamini anamjua aliyemchomea mwanawe. Siwezi kuacha kuandika."

"Sikukwambia usiandike." Akapumzika. "Lakini mkimkamata kesho, nani atanizika?"

Askari aliyekuwa mlangoni alitazama saa yake. Inspekta alikuwa ametoa fomu ya maelezo, ameiweka juu ya mkoba, kalamu imefunguliwa.

"Mzee," dereva alisema. "Wewe una kumbukumbu. Hebu niambie nilisemaje. Maneno yenyewe yamenitoka. Nimeyasikia yakisomwa kuwa ya mtu mwingine mpaka yakawa ya mtu mwingine."

Mzee Sikio alikaa wima. Aliyasema kwa sauti isiyopanda wala kushuka, ile ya chumba cha kusikiliza. "Ulisema: Sitaki. Humo hulala mtu. Yeye akasema: Washa. Ukasema tena: Hulala mtu, humo. Ukakata simu."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Vizuri," dereva alisema, akageuza uso ukutani.

Mzee alisubiri. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Amegeukia wapi?"

"Ukutani."

Akasimama. Akaufuata ukingo wa kitanda kwa vidole, akazunguka upande wa kichwani, mpaka akafika kwenye upenyo kati ya kitanda na ukuta ambao haukutosha hata kiti. Akajipenyeza humo kwa ubavu, akachuchumaa, sikio lake likawa karibu na mdomo wa dereva, akatulia.

Inspekta aliandika fomu. Aliandika jina la kazi la mzee na miaka yake. Aliandika habari ya pete nyekundu na ya kipele cha kushoto, na kwamba waya ulikuwa wa zawadi, na aliyeutoa. Aliandika "Washa. Ndani hamna mtu," na mbele yake, karani. Aliandika "Sitaki. Humo hulala mtu," na mbele yake, dereva. Alizunguka kitanda na kibweta cha wino, akakichukua kidole gumba cha mzee gizani kule ukutani, kidole kilekile, akakibonyeza kwenye karatasi.

Kisha akarudi kwenye mwanga, akaisoma fomu yote tangu juu. Hakuna kilichokosekana isipokuwa mstari wa kwanza kabisa, mahali pa tarehe. Askari alisema dakika ishirini zimekwisha. Inspekta alifunga kalamu, akaikunja fomu mara tatu, akaitia mkobani ikiwa haina tarehe, mpaka dereva azikwe.